Mwenye picha ni nani?

Naandika kutoka Yahuma. Kama hujui ni wapi, tafuta Kisangani katika ramani ya Kongo, halafu shuka na mto kuelekea magharibi, upite Isangi, uingie msituni ng'ambo ya kushoto. Ndipo tulipo, katika mkoa wa Tshopo. Lami hatuna. Umeme wa waya hatuna. Lakini simu tunazo, na leo nataka tuzungumze juu ya simu.

Najua wengi wenu mnaosoma gazeti hili mnaishi penye machimbo. Basi, simu hii ni mtoto wenu. Kobalti ya Kolwezi iko ndani ya betri yake. Koltani ya Kivu iko ndani ya vidude vidogo vinavyoshika umeme. Jiwe linatoka kwenu katika mfuko, linazunguka dunia, linarudi kwetu linang'aa. Hata hii yangu niliipata kutoka kwa mchimbaji. Yaya yangu, mtoto wa mama mkubwa, anachimba dhahabu upande wa Bafwasende, kama vijana wengi wa Tshopo. Mwaka ule mchimbo ulipomwendea vizuri alininunulia simu yenye kamera, akaituma kwa mtu wa mashua. Alisema: "Weye ni mwalimu, unajua kuandika. Utakuwa unatuonyesha nyumbani."

Kumbuka neno hilo, msomaji. Utuonyeshe nyumbani. Nitalirudia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi nafundisha. Saa saba napeleka simu kwa kijana mwenye pano ya sola, namlipa kidogo, anaichaji. Jioni nakwenda chini ya mti mmoja karibu na shule, maana hapo ndipo rezo inashika. Usifikiri niko peke yangu. Utakuta hapo mama anayeuza mawese, kijana wa pikipiki, mwanafunzi wa sekondari, kila mmoja ameinua mkono juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Tunanunua mega za franka chache, na tunazihesabu kama mtu anayehesabu chumvi wakati wa shida.

Nilianza taratibu. Nilipiga picha za mashua inayopakia mchele, mvua iliyokata njia, watoto wa darasa langu na kofia za majani ya ndizi. Niliziweka kwenye Facebook, na chini yake niliandika maneno machache: leo mchele umeuzwa bei gani, nani ameoa, daraja lipi limevunjika. Watu wa Yahuma waliotawanyika wakaanza kunijibu. Mmoja yuko Kinshasa, mwingine Lubumbashi, mwingine yuko Ubelgiji na hajaona kijiji chake kwa miaka mingi. Aliandika: "Mwalimu, nimeona mwembe wa baba yangu, nimelia." Siku nyingine niliandika kwamba daraja la miti limeoza, na watoto wa Yahuma walioko Kisangani wakachanga pesa ya mbao. Nilifurahi sana. Nilijiambia kwamba kazi hii ni njema.

Na kweli ni njema. Sitaki mtu amalize kusoma ukurasa huu aende kumnyang'anya mtoto wake simu. Lakini furaha ile ilikuwa na mdudu ndani yake, na mimi sikumwona. Nilianza kuhesabu. Picha hii imepata vidole gumba kumi na viwili, ile arobaini. Daraja lililovunjika linapata wengi kuliko daraja lililotengenezwa. Mtoto anayelia anapita mtoto anayecheka. Mtandao ule umepangwa hivyo: picha inayogusa watu wengi haraka inapelekwa mbele ya macho ya wengine zaidi. Basi bila kujua nikawa kama mchuuzi anayejua sokoni wanataka nini. Macho yangu yakaanza kutafuta machozi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mama mkubwa, mama yake yaya yule aliyeninunulia simu, aliugua homa. Hakukaa siku nyingi. Alifariki alasiri moja, mbele yetu, juu ya mkeka wake. Kilio kikaanza. Wanawake walianguka chini, dada zake walikuwa wanajipiga vifua. Mimi nililia pia, sikudanganyi. Lakini katikati ya machozi mkono wangu uliingia mfukoni, ukatoa simu. Nilipiga picha tatu. Katika moja mama mkubwa anaonekana, kitambaa hakijamfunika uso bado.

Jioni nilikwenda chini ya mti. Niliandika: "Kilio tena kwetu. Mungu atusaidie." Nikaweka picha ile. Mpaka giza linaingia nilikuwa nimepata vidole gumba na maneno ya pole kuliko siku zote. Niseme ukweli wote: ndani ya huzuni yangu, moyo ulifurahi kidogo.

Wakati huohuo wazee walikuwa wameketi uani wanapanga namna ya kumwambia yaya. Kwetu, na nadhani kwenu pia, mtu aliye mbali haambiwi kifo cha mama yake hivihivi. Anatafutwa kwanza mtu mzima aliye karibu naye, rafiki au katekista, amwite pembeni, amketishe, ampe maji, aulize kama amekula. Ndipo anaanza: "Ndugu, mama alikuwa mgonjwa." Anaingia polepole, kama mtu anayetelemsha mzigo kutoka kichwani kwa mwenzake. Wazee walikuwa wamekwisha kupata namba ya mzee mmoja kule machimboni. Walikusudia kumpigia asubuhi, maana usiku si wakati wa habari kama hiyo.

Yaya hakungoja asubuhi. Yeye pia alikuwa na simu. Alitoka shimoni akiwa na tope mwilini, akaketi juu ya ndoo, akafungua Facebook aangalie nyumbani. Aliona uso wa mama yake, mdomo wazi, na juu yake jina langu.

Wenzake walisema hakulia. Aliinuka akaanza kutembea njiani usiku, bila viatu, na ilibidi wamkimbilie wamkamate.

Mzee alipopigiwa asubuhi alijibu: "Mnaniambia nini? Yeye ameona tangu jana." Wazee wakageuka kunitazama. Nilikimbia chini ya mti nikafuta picha. Lakini nilikuwa nimechelewa. Kumbe ilikuwa imekwisha kuingia katika vikundi vya WhatsApp. Iliendelea kuja, hata kwangu mwenyewe ilirudi, imetumwa na mtu nisiyemjua, na chini yake maneno mengine ambayo sikuandika mimi: kwamba huyu mama amerogwa. Ukifuta picha kwenye simu yako, unafuta yako tu. Zilizokwisha kuondoka hazisikii tena sauti yako.

Yaya alifika baada ya siku nyingi, kwa pikipiki mpaka Kisangani, halafu kwa mashua. Mazishi yalikuwa yamepita. Hakunipiga. Alisema mbele ya wazee: "Mwana mama, weye ulikuwa pale. Ulimushika mukono. Miye sikukuwa. Juu ya nini ulinipatia mama yangu pamoja na dunia yote, siku moja na batu sibajui?"

Sikuwa na jibu. Msomaji, wewe ungejibu nini?

Tangu siku ile nimefikiri sana. Watu wengine walisema: tatizo ni simu, zamani hatukuwa na mambo haya. Lakini zamani nayo ilikuwa na habari ziendazo mbali. Hapa kwetu kulikuwa na lokole, gogo lililochimbwa ndani, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Lugha zetu husemwa kwa kupandisha na kushusha sauti, na lokole hufuata mwendo huohuo. Kwa kuwa maneno mengi yana mwendo mmoja, mpigaji hasemi neno moja tupu. Anasema sentensi ndefu ili wasikilizaji wasikosee. Mwalimu mmoja mmisionari kutoka Uingereza, John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, alijifunza kulipiga na akaandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Kwa lokole mtu aliitwa kwa jina lake na jina la baba yake, ili ijulikane wazi ni nani. Habari ilivuka mto na msitu, kijiji kimoja kikapokeza kingine, haraka kuliko mtu anavyotembea.

Basi, hiyo nayo ilikuwa mtandao. Lakini koko wangu alituambia kwamba siku ya kilio nyumbani kwake hakuna aliyeshika fimbo za lokole kabla wazee kusema. Mpigaji alitumwa. Alijua habari ni ya nani, na nani anapaswa kusikia kwanza. Mimi nilishika fimbo bila kutumwa.

Wengine wakaniambia: usipige picha ya huzuni tena, picha ya huzuni ni dhambi. Hilo pia sikulikubali lote, na nitakueleza sababu. Magharibi yetu, katika mkoa wa Tshuapa, kuna mahali panaitwa Baringa. Mwaka 1904 aliishi hapo mmisionari mwanamke, Alice Seeley Harris, mwenye kamera. Ilikuwa wakati wa mfalme Leopold wa Pili, watu wakilazimishwa kuleta mpira wa msituni. Tarehe 14 Mei baba mmoja jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika misioni na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira iliyoitwa ABIR. Bibi Harris alimpiga picha, ameketi barazani anaangalia vile vilivyobaki vya mtoto wake. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa kwa taa, ukutani, katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani. Watu waliokuwa wakikataa kuamini barua, waliamini macho yao. Makelele yakazidi, na mwaka 1908 Leopold akaondolewa Kongo mkononi. Nchi ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Taabu haikwisha, lakini utawala ule wa mtu mmoja ulikwisha.

Hakuna picha ya huzuni kuliko hiyo. Na hata hivyo nasema ni njema ilipigwa. Tofauti yake na yangu ni ipi? Nimeona tatu. Kwanza, Nsala alikuja mwenyewe. Alibeba kifurushi chake mpaka misioni kwa sababu alitaka kionekane. Mama mkubwa hakuja kwangu. Mimi nilimkuta amelala, hawezi kusema ndiyo wala hapana. Pili, picha ile ilibeba majina. Zaidi ya miaka 120 imepita, na mimi hapa Yahuma najua Nsala na najua Boali. Yangu haikuwa na jina la mama mkubwa hata kidogo. Jina moja tu lilikuwa pale, la kwangu. Tatu, ile ilikuwa na kazi ya kufanya. Yangu ilikuwa na vidole gumba vya kuhesabu.

Kwa hiyo nikaanza kujiuliza swali ambalo ni kichwa cha maneno haya: mwenye picha ni nani? Zamani nilidhani ni mwenye simu. Sasa naamini ni yule aliye ndani ya picha, na kama amekufa, ni watoto wake.

Swali hilo linasaidia hata kwa habari zisizo na picha. Mwaka 2024 mkoa wetu wa Tshopo uliingiwa na uvumi kwamba kuna watu wanaopita wakiwaharibia wanaume viungo vyao kwa kuwagusa au kwa dawa. Uvumi ulikimbia mdomoni na kwenye simu pamoja. Watu wasio na kosa walishikwa, walipigwa, na wengine waliuawa. Habari ile niliipokea mara nyingi, kwa sauti na kwa maandishi. Kila mara nilimwuliza aliyenitumia: "Umeona wewe? Nani amekuambia?" Jibu likawa lilelile: "Nimetumiwa tu." Hapo ndipo nilielewa kwamba habari isiyo na mwenyewe ni kama mbwa asiye na mwenyewe. Akimuuma mtu, hakuna wa kumwuliza. Hata wenye WhatsApp waliona hatari hiyo. Baada ya uvumi kusababisha mauaji huko India mwaka 2018, mwaka uliofuata walipunguza kwa dunia nzima, ujumbe mmoja usipelekwe mbele kwa zaidi ya watu au vikundi vitano kwa mara moja. Na kwetu Kongo, Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaweka adhabu kwa anayesambaza habari za uongo kwa mtandao. Lakini sheria inafika baada ya mtu kufa. Kidole chako kinafika kabla.

Sasa ninyi wa machimbo, nawaambia kama ndugu. Kwenu ajali hazikosi. Mwezi wa Juni 2019 shimo lilianguka Kolwezi, wakafa zaidi ya watu 40. Septemba 2020 maji ya mvua yalijaza mashimo ya dhahabu huko Kamituga, wakafa karibu 50. Siku kama hiyo kila mtu ana simu mkononi. Ukimwona mwenzako ametolewa chini ya udongo, kumbuka kwamba mahali fulani, labda Kasai, labda Yahuma, mama yake anasubiri simu yake ya Jumapili. Usimpe maiti kwa njia ya kioo. Mfunike mwenzako kwanza. Tafuta nani anajua nyumbani kwao.

Lakini pia usiweke simu chini siku zote. Machi 2023, Kivu ya Kusini, ardhi ilifunika wachimbaji wa dhahabu, na kijana mmoja akafukua kwa mikono mpaka wakatoka tisa, mmoja baada ya mwingine, wazima. Mtu alikuwa anachukua video huku watu wanapiga kelele za furaha. Dunia nzima ikaiona. Mimi pia niliiona chini ya mti wangu, nikapiga kelele peke yangu. Video ile iliwaonyesha wachimbaji wetu kama watu wanaopendana, na pia ilionyesha wanafanya kazi mahali gani pa hatari. Hiyo nayo ni kazi ya picha.

Basi leo nafanya hivi. Kabla ya kupiga, naomba ruhusa. Mtoto, namwomba mzazi wake. Mama akisema hapana, nacheka naye, naweka simu mfukoni. Baada ya kupiga, namwonyesha mwenyewe. Wengi wanasema, "Futa hii, nilifumba macho," na nafuta. Naandika jina lake kama anataka. Picha ya huzuni inalala usiku mmoja katika simu kabla sijaitoa, na mara nyingi asubuhi naona haina haja ya kutoka. Na kilioni siendi na simu kabisa. Naiacha kwa kijana wa sola.

Vidole gumba vimepungua. Sasa napata kumi, kumi na viwili. Nimezoea.

Na yaya? Ilibidi niombe msamaha, na si kwa simu. Nilikwenda na baba mdogo na kuku wawili, tukaketi mbele ya wazee, nikasema kosa langu lote, hata ile furaha ya kuhesabu. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulisema. Yaya alinyamaza muda mrefu. Mwisho alisema, "Imekwisha," lakini nilijua haijaisha. Akarudi Bafwasende, na kwa miezi mingi hakuniandikia.

Siku ya kuondoa matanga hakuweza kuja. Asubuhi hiyo simu yangu ililia. Ilikuwa sauti yake, imekatikakatika kwa sababu ya rezo: "Mwalimu. Kaburi ya mama iko namna gani? Miye bado sijaiona na simenti yake. Unipigie foto."

Nilirudi kwa kijana wa sola kuchukua simu yangu. Nilisafisha majani juu ya kaburi. Niliwauliza wazee, wakakubali. Nilipiga picha moja, asubuhi, jua likiwa bado chini, jina la mama mkubwa linasomeka vizuri juu ya msalaba. Nilimtumia yeye peke yake.

Baada ya saa nzima alijibu kwa neno moja: "Nimeona."

Picha hiyo, ndugu msomaji, hutaiona mahali popote. Nadhani ndiyo nzuri kuliko zote nilizopiga.